Gari la Kumfikisha Tata Machochwe

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu Nyarero, alikuwa na magari mawili ya petroli yaliyonizidi umri. Aliyaita kwa rangi, kama anavyowaita ng'ombe wake: la kijani na la kijivu. Daktari wa macho alikuwa amemwambia aache kuendesha. Tata akataka safari moja tu ya mwisho, ashike usukani mwenyewe mpaka Machochwe kwa kaka yake, ambaye alikuwa hainuki tena kitandani. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili nyumbani tangu nimalize chuo, bila kazi. Akaniuliza swali moja.

"Mura, kijana wangu, lipi litanifikisha?"

Mtu mwingine angejibu palepale. La kijani lilipanda kilima bila kupunguza gia, ila lilikunywa petroli vibaya na chini lilitaka grisi kila wiki. La kijivu lilikuwa jepesi na halikuchemsha hata siku moja, lakini asubuhi za baridi halikuwaka mpaka lisukumwe. Nikanunua daftari. Nikaendesha moja asubuhi na jingine jioni, kisha nikahofu kwamba asubuhi barabara ina umande, nikabadilisha zamu. La kijani likashinda. Nikawaza, labda ni betri. Nikazibadilisha betri, la kijivu likashinda. Sasa sikujua kama nilikuwa napima gari au betri.

Wiki tatu zikaisha hivyo. Kila jioni Tata aliuliza, nami nikasema kesho. Simu kutoka Machochwe zilizidi kuwa mbaya. Mama alisema hata ng'ombe wa mahari hawakaguliwi muda wote huo.

Mwishowe Tata akataja siku mwenyewe: Jumamosi. Ijumaa mchana nikaona nisafishe kabureta za magari yote mawili, ili nikichagua nichague kwa haki. Zilikuwa za aina moja. Nikaziosha kwenye beseni moja, na wakati wa kuzifunga nikagundua kwamba vile visukurubu vyenye tundu la kupimia petroli vimechanganyika. Kwa macho vilifanana. Matundu yake hayakufanana. Nikajaribu kila mpangilio niliouweza, nikiandika kila jaribio, mpaka betri zote mbili zikachoka.

Asubuhi Tata akatoka amevaa koti, na blanketi jipya la kaka yake likiwa kwapani. Akaingia kwenye la kijani, likakohoa na kuzima. Akahamia la kijivu, nikalisukuma mpaka getini. Likatoa harufu ya petroli tu. Nikamweleza yote, hata habari ya beseni. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Fundi wa Tarime niliyempigia alisema hawezi kufika kabla ya Jumatatu. Tata akaniambia nimwite bodaboda, ampeleke barabara kuu akapande gari la abiria la Mugumu kuelekea Machochwe.

Dereva alipofika alisimamisha pikipiki katikati ya yale magari.

"Shikamoo mzee. Una magari mawili na bado unaniita mimi?"

"Marahaba. Haya yana msomi," Tata akamjibu.

Dereva akacheka. Tata alikuwa ameshakaa nyuma yake, anapapasa kwa mguu, anatafuta pa kukanyaga. Nikachuchumaa, nikaushika mguu wake, nikauweka mahali pake, kisha nikazunguka upande wa pili nikauweka na ule mwingine.