Kuogelea Juu ya Dawati

Nilipohamishwa kutoka Uriri hadi shule moja karibu na Kisegi, mwalimu mkuu aliniangalia mabega akaamua mimi ni mtu wa michezo. Mabega haya ni ya kubeba miwa. Lakini ratiba ilikuwa na pengo na mimi nilikuwa mgeni, basi nikakabidhiwa filimbi, mipira miwili isiyo na upepo, na mtaala uliosema gredi ya sita wafunzwe kuogelea.

Wacha niseme ukweli mapema: sijui kuogelea. Kwetu mto ukijaa unafika magotini, na mwenye akili husubiri upungue. Hapa ziwa lilikuwa nyuma ya vyoo vya wavulana.

Nikajiokoa kwa kichocho. Jumatatu, kipindi cha afya, nilibandika ukutani picha ya konokono anayeeneza ugonjwa huo na kuwaonya watoto wasitie hata kidole ziwani. Jumatano, kipindi cha michezo, niliwalaza kifudifudi juu ya madawati wapige mikono na miguu hewani. Watoto hao, ambao asubuhi ileile walikuwa wameosha sufuria wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, walinitii kwa upole, jinsi mtu anavyomkubalia mgonjwa kila anachosema. Nilipita katikati yao nikirekebisha viwiko, na nikajiona kocha kabisa.

Msichana mmoja tu ndiye aliyecheka, yule mfungaji wetu wa magoli ya netiboli. "Mwalimu," akauliza, "tukifika mwisho wa dawati tunageuka aje?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Muhula ulipoisha nilimwandikia kwenye mtandao wa matokeo: kuogelea, mbali na matarajio, alama ya chini kuliko zote. Nilifurahi siku nzima.

Muhula uliofuata afisa wa elimu akaja kunikagua. Aliwatazama watoto waliolala juu ya madawati, kisha akatazama dirishani. "Mwalimu, si maji yako pale?" Nikamweleza habari za kichocho. Akasema kipindi kimoja hakiui mtu, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali, maana yeye hukubaliana na kila mtu mwenye gari. Tukateremka hadi ufuoni.

"Mwalimu huonyesha kwanza," afisa akasema, kalamu mkononi.

Nilianza kufungua vifungo vya shati polepole. Sijawahi kujua shati langu lina vifungo vichache namna ile. Nilikuwa kwenye kifungo cha mwisho aliposimama yule msichana.

"Alishatuonyesha wiki jana," akamwambia afisa bila kupepesa macho. "Leo alisema ni zamu yetu."

Akaingia majini, wenzake nyuma yake, wakaogelea hadi kwenye mitumbwi na kurudi, wengine chali, wakipiga gumzo. Afisa aliandika kurasa mbili. Ripoti ilisema mbinu zangu zimezidisha matarajio, na ikabandikwa ofisini juu ya kalenda.

Nikamwita msichana pembeni nimshukuru. Akainamisha macho. "Ungezama, Japuonj," akasema, akiniita mwalimu kwa Kijaluo. Nilijaribu kumrekebishia alama jioni hiyo, lakini mtandao ulikuwa umeshafungwa. Nikajiambia ni alama tu ya michezo, nani ataisoma.

Aliyeisoma ni mwalimu mkuu. Timu ya netiboli ilialikwa Takawiri, na kwenda huko ni kwa mashua, basi akapanga kwa busara zake zote kwamba aliye mbali na matarajio katika kuogelea hapandi. Orodha ya watakaobaki ilikuwa na jina moja. Mimi, kwa sababu ya ripoti yangu, niliteuliwa msimamizi wa usalama majini.

Ningesema. Nilifika hadi mlangoni mwa ofisi, nikaiona ile ripoti juu ya kalenda, nikauliza kama chaki imekuja. Niliona aibu wakati huo, na bado naiona ninapoandika haya.

Siku ya safari msichana alikuja ufuoni amevaa sare ya timu hata hivyo. Alisaidia kupakia mipira. Jaketi za kuokolea zilitosha wachezaji peke yao, na wachezaji walikuwa pungufu kwa mmoja, kwa hiyo ilibaki jaketi moja, ya kitoto, ambayo haikunipita hata begani. Mwenye mashua akaisukuma majini. Ndipo yule msichana akatufuata ndani ya maji hadi yakamfika kifuani, huku akisukuma mtungi mtupu wa mafuta, umefungwa kifuniko kwa nguvu, wa aina ambayo watoto wa pale hukumbatia wanapojifunza wakiwa na miaka minne.

Akaupitisha juu ya ukingo, akauweka mapajani mwangu.

"Ukumbatie hivi, Mwalimu," akasema, akarekebisha viwiko vyangu, kisha akaogelea kurudi nchi kavu.

Tulifungwa kumi na tisa kwa mbili.