Dada Apata Kwake

Mama alipofariki, dada yangu mkubwa alihamia kwangu Idsowe, kijiji cha kando ya mto, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza kumtoka, lakini tangu utotoni akili yake ilikwenda polepole, na kifafa kilimwangusha mara kwa mara. Nilimtandikia kitanda chumbani mwa binti zangu. Dawa zake niliziweka juu ya kabati asikofika, nguo zake nilimchagulia mimi, na alipotaka kwenda shambani nilituma mtu amfuate nyuma. Alikula, akaosha vyombo, akalala. Nilidhani ametulia.

Kisha mto ukafurika. Maji yalipoingia mpungani, kisha uani, tulihamia ardhi ya juu kando ya barabara ya Garsen, ambako mahema yalikuwa yakigawiwa. Mgawaji alimwona dada amesimama peke yake na fungu lake la nguo, akadhani hana familia, akampa hema la peke yake. Nilikwenda kueleza kwamba yuko nasi. Nilipofika, dada alikuwa ameshaingia na kutandika mkeka. Hema letu lilikuwa limejaa watoto, basi nikamwacha, nikijua ni kwa muda tu.

Jirani yake hapo alikuwa mjane wa Kiorma, mama wa makamo ambaye ng'ombe wake walikwisha kwa ukame, akabaki na mbuzi wachache. Asubuhi dada alifagia mbele ya mahema yote mawili na kuteka maji ya watu wawili. Mjane alipika chai ya maziwa, wakanywa pamoja bila maneno mengi. Siku moja watoto walikuja mbio kuniambia dada ameanguka. Nilipofika, mjane alikuwa amemlaza ubavu, ameweka kanga chini ya kichwa chake, naye ameketi kando akisubiri.

"Amelala tu," aliniambia. "Ataamka. Mimi naangalia."

Maji yalipopungua watu walianza kurudi makwao. Nilifunga vitu vya dada. Akavifungua, akavipanga tena palepale vilipokuwa. Nikamwambia twende nyumbani.

"Hapa kwangu," alisema. "Kule kwako."

Sikuwahi kumsikia akisema jambo kwa utulivu namna ile, lakini sikuweza kumwacha pale peke yake. Mume wangu ndiye aliyekumbuka makao fulani huko Malindi, yanayotunza watu wazima wenye hali kama ya dada. Tukampeleka ayaone. Nisiseme uongo, niliyapenda. Vitanda vilikuwa safi, muuguzi alikuwepo, na mlezi aliyetupokea alimwita dada kwa heshima na kumwonyesha akina mama waliokuwa wakisuka mikeka. Kwa wengi waliokuwa pale, ndipo hasa palipowafaa. Dada aliwasalimu wote, akala wali, kisha akauliza nani anafagia nje. Aliambiwa kuna mfanyakazi wa kazi hiyo. Akauliza kama yule mama wa mbuzi anaweza kuja kukaa naye. Aliposikia haiwezekani, alishukuru kwa chakula, akachukua mfuko wake na kwenda kusimama getini.

Tulirudi naye. Wakati huo waliokuwa wamechoka kukimbia mafuriko walikuwa wakipewa viwanja kwenye ile ardhi ya juu, na mjane alikuwa amepata chake. Mume wangu aliwaendea wazee wa kijiji, akaomba cha dada kiwe kando ya hicho. Walisita, wakiuliza mtu kama yule ataishije peke yake. Mjane akawaambia hatakuwa peke yake, kwani yeye anakwenda wapi. Tukajenga chumba kimoja cha fito na udongo, tukaezeka mabati.

Tulichobishania ni komeo. Dada alitaka kujifungia kwa ndani, nami nilikataa, maana nilimwona akilini akianguka nyuma ya mlango uliofungwa na asisikiwe na mtu. Fundi akatuchongea komeo la mti ambalo mtu aliye nje anaweza kulinyanyua kwa bapa la kisu kupitia ufa, akishajua mahali pake. Dada alimtazama mjane.

"Huyu mama ajue," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe piga hodi."

Iliniuma, lakini nilikubali.

Sasa ni misimu kadhaa. Dada hapiki peke yake kwa sababu ya moto. Hupika kwenye mafiga ya mjane, wote wawili wakiwepo. Dawa humeza na chai ya asubuhi. Mimi huzichukua zahanati Garsen, na hupeleka mchele tukivuna. Mjane akienda kumtembelea mwanawe huko Bura, binti yangu mkubwa huhamia kwa dada hadi arudi. Dada aliwahi kuanguka mlango umefungwa, na mjane akafungua. Dada alitoka na uvimbe kwenye paji la uso. Nilimwomba arudi kwangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Juzi alinionyesha mahali anapotaka kupanda mgomba. Nilimwambia ni karibu mno na ukuta, ukikua utaleta unyevu. Alifikiri kidogo, akaupanda hapohapo.