Tope Jekundu la Bwawa la Baba
Mdogo wangu alirithi jina la nyanya yetu mzaa Baba, ndiyo maana Baba alimwita Mama. Mimi aliniita jina langu tu, hata baada ya mume wangu kufariki nikarudi kijijini kwetu Kwanza kumtunza na kumkamia ng'ombe wake.

Juu ya bwawa letu palikuwa na kibanda cha kuvunja betri kuukuu za magari, na kila mvua ilishusha uchafu wake kwetu. Kiangazi kile Baba aliita vijana wazoe tope la bwawa, wakalimwage shambani liwe mbolea. Nilikuwa nimemkataza mara nyingi. Alinijibu kwamba ng'ombe wameyanywa maji hayo miaka yote na hakuna aliyekufa.

Ndipo mdogo wangu akafika kutoka Bungoma, anakofundisha kemia. Safari iliyotangulia alikuwa amechota maji na tope, akapeleka kupimwa. Maji yalikuwa karibu safi. Tope lilijaa risasi, yale madini ya sumu yaliyomo kwenye betri.

Nilitamani Baba ampuuze kama alivyonipuuza. Lakini aliweka kikombe chini, akasikiliza.

"Wekundu wa tope lile ni kutu, Baba. Hiyo kutu ndiyo inashika risasi, isiingie majini. Lakini majani yakiozea pale chini hewa ikaisha, kutu inayeyuka na kuiachilia. Na tukilizoa, tutakuwa tumeipeleka kwenye mahindi."

"Afadhali umekuja, Mama," alisema Baba, na vijana wakaambiwa warudi kwao.

Mchana nilichinja kuku. Firigisi kwetu ni ya baba, na sijawahi kuionja. Siku hiyo aliikata, nusu akampa mdogo wangu. Nikaisukuma sahani yangu kando.

"Mimi si nilikwambia hayo hayo?" nikauliza.

"Wewe ulisema nisiguse," alijibu Baba bila hasira. "Hukuniambia kwa nini."

Mdogo wangu aliinamia sahani yake.

Chifu aliposikia habari hizo, alikihamisha kile kibanda. Tulizungushia bwawa ua, na ng'ombe sasa hunywa maji ya kisima ninayoteka mimi kila asubuhi. Majani yanayoangukia bwawani nayaopoa mimi kwa reki, yasije yakaozea chini. Wageni wakija, Baba huwasimulia jinsi binti yake wa Bungoma alivyookoa ng'ombe wake. Mimi huwa nimesimama hapo hapo na birika, nikiwamiminia chai.