Dome wa Chupa ya Pembeni

Mtunza vielelezo wa makumbusho yetu huandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti inayohifadhi viumbe kwenye chupa. Spiriti hiyo hiyo imemkausha vidole. Kila asubuhi, nikiwa bado napiga deki, huinua chupa ya pembeni, yenye dome, yule ndugu wa ngisi, aliyenaswa na wavu mita mia tano chini ya bahari. Aina hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikiwa hai. Duniani kote amepatikana jike huyo mmoja tu. "Umeamkaje, bibie?" humwuliza, akimwongezea spiriti. Salamu yangu huiitikia kwa kikohozi tu. Mchana hula akiwa ameielekea chupa hiyo.

Jumatatu meli ya utafiti ilileta wa pili, dume, mdogo kama kidole gumba. Kanuni ni kila kielelezo na chupa yake. Nikamwona akimtumbukiza dume, taratibu, kwenye chupa ya jike.

"Mama, si wewe husema hawachanganywi?"

Hakugeuka. Alifuta "mmoja" kwenye lebo, akaandika "wawili".

"Kanuni hiyo," alisema, "iliandikwa na mtu anayengojwa nyumbani."