Wimbo Uliomlinda Emmah

Saa tatu asubuhi, Jumapili. Philister Nanyama amesimama mbele ya watoto katika kanisa la mabati huko Kangemi, Nairobi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, ameketi mwanamume aliyekunja mikono kifuani. Hajaja kusali. Amekuja kuhakikisha kwamba mwalimu huyu ni mwalimu kweli.

Si mwalimu. Hadi leo hajawahi kufundisha shule ya Jumapili hata mara moja.

Philister, mwenye umri wa miaka 46, ni mtafiti wa shirika moja lenye ofisi Hurlingham. Shirika hilo huchunguza jinsi watoto wanavyoumia wanapoona wazazi wao wakipigana, na kuwasaidia. Yeye hulipwa shilingi mia sita kwa siku, pale kazi inapokuwapo.

Kila Alhamisi alasiri hukutana na watoto katika ua wa jirani mmoja. Hawaulizi mengi. Huwaachia mikebe na vitambaa wacheze kalongo, ule mchezo wa kupika na kuwa baba na mama, naye hukaa kando akichambua sukuma wiki huku masikio yakiwa kwao.

"Baba wa kalongo akifika, angalia watoto wa kalongo wanakimbilia wapi," asema. "Hapo utajua kwao kukoje."

Emmah, wa miaka minane, hakutaka kuwa mama wala mtoto. (Majina ya familia yake yamebadilishwa.) Kila mara alichagua kuwa mlango. Alisimama mahali pake, akifunguka na kujifunga bila sauti.

Mama yake, Caren, ndiye aliyemruhusu kuja. Baba yake, Jackton, fundi wa mawe, hakuambiwa. Ndiyo maana Philister ana sharti moja: akikutana na mtoto njiani, hamsalimii kwanza.

Jumamosi moja sokoni alilisahau. Kwao Bungoma, kumpita mtoto unayemjua kimya kimya ni kiburi, na ulimi ukamtangulia.

"Emmah, hujambo mama?"

Ndipo akamwona Jackton nyuma ya mtoto, ameshika kabichi.

"Huyu unamjulia wapi?" Jackton aliuliza kwa sauti ya upole.

"Upole ule ndio ulionitia baridi," Philister akumbuka. "Afadhali angefoka."

"Sande skul," alimjibu. "Mimi ndiye ticha wao."

"Na mimi sijawahi kusikia," Jackton akasema. Alikuwa akimtazama mtoto.

Siku zilizofuata Philister hakupata usingizi. Hakuthubutu kukanyaga kwao, maana kufika kwake kungezidisha maswali, na atakayeyajibu ni Caren na mtoto. Alhamisi ilipofika aliketi uani akitazama lango, sukuma mapajani hajaigusa. Emmah akaja wa mwisho.

"Baba alisema nimuimbie wimbo ya Sande skul."

"Ukaimba gani?"

"Nilitunga."

"Hebu niimbie."

Emmah akaimba, kwa sauti ndogo:

*Funga mlango polepole,*
*Yesu amelala.*
*Viatu mkononi,*
*tusimwamshe.*

"Baba akasemaje?"

"Akasema ni mzuri. Jumapili anakuja kuona ticha."

Jioni ile mtoto alimfundisha mtu mzima, wakarudia hadi Philister akaushika wimbo. Kisha akaenda kwa Mchungaji Zedekiah, wa lile kanisa la mabati, akamweleza yote.

"Darasa ni lako," mchungaji akamwambia. "Lakini akianzisha vita kanisani, mama, ujue goti langu ni bovu."

Sasa Jumapili imefika, na Philister anaanzisha wimbo. Mstari wa pili unampotea. Emmah anaupokea peke yake, bila kugeuka nyuma. Halafu wenzake wanadakia, na mara ya tatu darasa zima linaimba kana kwamba limeujua tangu zamani.

Baada ya ibada Jackton anamfuata, anamshika mkono na hauachii haraka.

"Wimbo mzuri, mwalimu. Siku hizi huyu mtoto ametulia sana. Hata huwezi kujua yuko nyumbani."

"Asante, Baba Emmah."

Jackton anapotoka, Philister anaketi kwenye benchi.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwaka 2005. Kabla mwaka haujaisha, shirika lilimsaidia Caren kuhama na bintiye, mbali na Nairobi. Ni Caren mwenyewe aliyeomba habari hii iandikwe, kwa kuwa sasa wako mbali.

Philister bado hufundisha kila Jumapili, na uongo wake umegeuka kazi. Hofu haijamtoka. Mwanamume mgeni akiingia, yeye hupoteza mstari wa wimbo.

Mchungaji amempa stoo iliyo nyuma ya kanisa, iwe chumba cha watoto cha siku za Alhamisi. Ina paa na sakafu. Bado haina mlango, na fundi wa Dagoretti ameshaambiwa atengeneze wa mbao nzito.

"Nataka mlango ambao mtoto anaweza kuubamiza kwa nguvu zake zote," asema Philister, "halafu asigeuke kuangalia nani ameamka."