Kuuliza Treni

Wakati wa vita vidonge vyangu vya sukari viliisha. Mwuguzi, binti mpole aliyeniogopa, akaniambia dawa iliyobaki ni kupunguza bukari, ugali wetu, sahanini na kutembea kila siku, la sivyo miguu ndiyo itakayoanza kuoza. Nikamwitikia vizuri. Nilipofika nyumbani nikaketi.

Haukuwa uvivu mtupu, ingawa uvivu nao ulikuwepo. Hapa Kamina mtu mzima hatembei bure. Ukipita mikono mitupu, kila mlango unakuuliza unakwenda wapi, na ukijibu kwamba unatembea tu, watasema ugonjwa umekupanda kichwani. Tena siku zile wanajeshi wa Base, kambi kubwa ya jeshi karibu nasi, walijaa mjini, na mtu asiye na safari walimtazama vibaya. Nilijaribu asubuhi chache, nikaona haya, nikaacha.

Mume wangu hakugombana nami. Alikuwa mstaafu wa reli: maisha yake yote alipita kando ya mabehewa akigonga magurudumu kwa nyundo, akisikiliza lipi lina ufa. Asubuhi moja alinisogezea viatu.

"Mama, uende ku gare, uulize kama treni ya Lubumbashi inafika. Pengine iko na dawa yako."

"Na weye hauna miguu?"

"Minyi magoti inaniluma."

Nikaenda nikinung'unika. Njiani kila aliyeniuliza nilimwambia nakwenda kuuliza treni, na hakuna aliyeshangaa, maana mji mzima ulikuwa ukiingoja. Stesheni wakasema bado, labda kesho. Kesho yake akanituma tena, na keshokutwa vilevile.

Nikirudi nilimkuta mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Alinivua viatu, akaniosha miguu, akapitisha kidole gumba katikati ya vidole na kuzunguka kisigino, polepole, akitafuta kidonda. Ni kwa sababu ya mikono ile leo ninapoandika vidole vya miguu yangu viko vyote. Siku moja kwa ujanja wangu nilipanda baiskeli ya jirani kwenda na kurudi. Alikung'uta kiatu, akaona hakina mchanga.

"Leo magurudumu yako haikuzunguka," akasema, akamwaga maji bila kuniosha.

Afadhali angenipigia kelele. Baiskeli ile sikuigusa tena.

Majani yakaota katikati ya reli, nami bado nauliza. Mwishowe karani wa stesheni, kijana wa watu, akanihurumia.

"Mama, lakini Papa iko anajua. Kila mangaribi anakuya kuzungumuza na sisi. Tulimwambia zamani, njia ilikatika."

Kila jioni! Mimi nilikuwa nikiambiwa anakwenda kucheza dama kwa jirani. Na magoti je? Nilirudi nyumbani nikichemka, wala sikumbuki niliyempita njiani. Alikuwa pale pale mlangoni, beseni miguuni pake.

"Ulijua kama treni haifike!"

"Nilijua."

"Na kila siku unanitesa na jua, ningoye kitu yenye haiko!"

Aliuchukua mguu wangu, akauweka mapajani mwake pamoja na vumbi lake lote, akaanza kufungua kamba za kiatu.

"Minyi sikukuwa nangoya treni, Mama. Nilikuwa nangoya weye."

Nilikuwa na maneno mengi, makali, niliyoyapanga tangu stesheni. Lakini nilimpenda mzee yule saa ile, nikampenda nikiwa bado na hasira, nikamwachia na mguu wa pili.

Asubuhi iliyofuata nilivaa viatu mwenyewe kabla hajaamka vizuri.

"Unaenda wapi?" akauliza, eti hajui.

"Kuuliza treni."

"Uliza muzuri," akasema, akainuka kwenda kuteka maji ya beseni.