Chuchumaa na Chumba cha Nyuma ya Kinyozi

Kaka yangu alimwambia mama yetu kwamba nimekataa kukaa naye karibu. Sikukataa. Hata kuulizwa sikuulizwa. Kwa neno hilo moja mama alihangaika karibu mwaka mzima na mizigo yake, akiamini ana watoto wawili wanaomtaka na mmoja asiyemtaka, na huyo mmoja ni mimi, kifungua mimba wake. Naanza na hilo ili mtu asisome sifa za mama yangu akadhani nimekuja kuimba tu.

Mama alikuwa mshonaji wa hospitali. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na chumba chembamba chenye dirisha moja, cherehani, na rafu za mashuka zilizopanda hadi darini. Humo alishona mapazia ya wodi, foronya, na sare za kila mtu, kuanzia mfagizi hadi daktari mkuu. Baba alifariki mdogo wetu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kutoka chumba kile tulikula, tukavaa, na wenzangu wawili wakasoma. Mimi nilibaki nyumbani kumlea mdogo. Lazima mtu abaki, wakubwa wakasema, na kila ilipoulizwa nani, macho yaligeukia kwangu.

Hospitali nzima ilimwita Chuchumaa. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakushona nguo ya mtu bila kuipiga bandi kwanza, yaani kuishikiza kwa nyuzi ndefu zinazofumuliwa baadaye. Kisha anakuvika, anarudi nyuma hatua kadhaa, mkono kiunoni.

"Inua mikono. Keti. Inuka. Haya, chuchumaa."

Daktari mkuu aliwahi kugoma. "Mama, mimi kazini sichuchumai."

"Mgonjwa akianguka chini utamwokota umesimama?"

Akachuchumaa, na suruali ikalia kwa nyuma, paa! Nyuzi za bandi zote zilikatika. Manesi walicheka hadi wakashikana mabega. Mama hakucheka. Alichukua pini zake akasema, "Afadhali imelia hapa kwangu. Nguo inayokukaa ukiwa umesimama tu ni nguo ya kupigia picha."

Umri wa kustaafu ulipofika, ilibidi arudishe ufunguo, maana nyumba aliyokaa ilikuwa ya hospitali. Ndipo likaja swali la wapi akazeekee. Kwake jibu lilikuwa moja: karibu na mtoto mmojawapo. Alisisitiza karibu, si ndani. Alitaka chumba chake, mlango wake, na kodi yake ailipe mwenyewe kwa pensheni.

Lakini mama ana adabu yake moja, na ndiyo iliyomponza. Hapendi kumwomba mtu jambo zito uso kwa uso. "Ukimwomba mtu anakutazama, umemfunga mikono," husema. "Mtume mwingine, ili akitaka kukataa akatae bila aibu." Basi akamtuma kaka yangu awaulize watoto wote, naye mwenyewe ajiulize: nani yuko radhi mama awe jirani yake? Akaongeza kwamba atakayesema hapana, asiulizwe sababu.

Kaka tunamwita Meneja. Ni meneja kweli, wa ghala la matairi, lakini jina hilo alilipata angali mtoto, kwa kupenda kugawa kazi asizozifanya. Meneja alimuuliza mdogo wetu, ambaye ni mwalimu, naye akajibu mama aje hata leo. Mimi hakuniuliza. Alikwenda akamwambia mama, "Dada anasema hapana. Hawezi." Na mama, kwa adabu yake, hakuuliza kwa nini.

Kisha Meneja akaja kwangu. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu na mashuka ya nyumba mbili za wageni. Alisimama uani katikati ya kamba, amejibana mabega ili mashuka mabichi yasimguse suti.

"Mama ameamua kukaa kwangu," akasema. "Ameridhika. Tafadhali usimchanganye kwa maneno."

"Hata kuniuliza hakutaka?"

"Dada, unamjua mama. Ana mambo yake."

Nikajikaza kisabuni. Nikasema kama ndivyo alivyochagua, basi. Toka siku hiyo kila mtu akakalia mwiba wake kimya. Mama na mimi tulipigiana simu, hujambo, sijambo, watoto wazima, simu za watu wawili wanaoogopa kukanyagana. Nilimtembelea mara moja kwa Meneja. Wifi alikaa nasi muda wote akitabasamu na kumimina juisi, kwa hiyo hatukusema la maana. Mjomba, kaka yake mama, alikuwepo. "Shikamoo mjomba," nikasema. Akaitikia "marahaba" akilitazama zulia. Nilidhani ni uzee.

Nyumba ya Meneja ni nzuri, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Alimpa mama chumba cha uani chenye vigae, bafu lake, na feni. Lakini mama hakufungua mizigo. Cherehani yake ilibaki ndani ya boksi na nguo zake ndani ya sanduku.

"Mama, mbona hupangi vitu?" Meneja akamuuliza.

"Napiga bandi kwanza, mwanangu."

Alikaa akiitazama ile nyumba ikiinua mikono na kuchuchumaa. Wageni walipokuja, aliitwa sebuleni akaonyeshwa kama friji jipya: huyu ndiye mama, anakaa kwangu. Wageni walipoondoka, geti lilifungwa. Asubuhi wote walikwenda kazini na shuleni, wakarudi giza limeingia. Nje ya geti ilikuwa barabara ya magari tu, hakuna duka, hakuna jirani wa kumpungia mkono. Siku aliyopata homa alishinda peke yake na feni. Meneja aliporudi alimletea dawa, akampa pole nyingi, na mama anasema pole zile zilikuwa za kweli. Ila alipopona alifunga kamba ya sanduku.

"Nyumba yako haina kosa," akamwambia. "Ila mtu mzima anahitaji mahali pa kwenda kwa miguu yake na mtu wa kubishana naye. Hapa nabishana na geti."

Akaenda kwa mdogo wetu. Huko alipendwa hasa. Lakini mdogo anakaa ghorofani juu kabisa, na jengo halina lifti. Magoti ya mama, yaliyokanyaga cherehani maisha yote, yalimwambia ukweli mapema. Akishuka, hawazi soko tena; anawaza kupanda. Mdogo alitaka kuhama kwa ajili yake, aache nyumba iliyo hatua chache kutoka shule anayofundisha. Mama akakataa. "Sikukulea ili nije kukuhamisha," akasema. Mdogo alilia, mama akamfuta machozi, akashuka ngazi taratibu kwa mara ya mwisho.

Mimi niliamini bado yuko ghorofani kwa mdogo, maana mama alimwomba asinitajie kuhama kwake. Simu zake zilikuwa zile zile, hujambo, sijambo.

Siku moja mteja wangu, mke wa muuza vioo, alikuja kuchukua nguo zake huku anacheka.

"Mama Dobi, mtaa umepata fundi mpya, yuko nyuma ya kwa kinyozi. Bibi mtu mzima, lakini mkali! Ananishonea gauni, kaniambia eti nichuchumae mbele ya watu."

Nikaiacha pasi juu ya shati la mtu. Alama yake iko hadi leo, na shati nililipa. Fundi wa namna hiyo ninamjua mmoja tu.

Chumba kile kina mlango wa bati na dirisha linalotazama uani kwangu, ng'ambo ya njia. Mama alikuwa ameketi kitandani na gauni la watu mapajani, anashona kwa mkono. Boksi la cherehani lilikuwa limefungwa bado, limegeuzwa meza, juu yake kikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Keti kwenye ndoo, kiti kina nguo ya mtu."

Nikaketi kwenye ndoo. "Mama, uko hapa tangu lini?"

"Tangu kinyozi alipobadili mapazia. Nimemshonea mimi."

"Hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Uliukataa ujirani wangu, nami nikaona mtaa si wako peke yako. Nalipa kodi yangu. Mlangoni kwako sitakuja, usiogope."

"Nilikataa nini?"

"Mwanangu, sikukuuliza sababu wakati ule, na leo sikuulizi."

"Mama. Nilikataa nini?"

Ndipo akainua macho. Nikamweleza, maneno yakitoka kichwa chini miguu juu: Meneja katikati ya mashuka, mama ameamua, mama ameridhika, usimchanganye. Mama alishona vidole vikienda vyenyewe, kisha uzi ukakatika, naye hakuutafuta.

"Kwa hiyo hakukuuliza."

"Hakuniuliza."

"Ahaa," akasema, taratibu, kama mtu aliyeona mahali nguo inapobana.

Kilichonishinda kuelewa ni kingine. "Mama, uliamini nimekukataa, halafu ukaja kukaa hapa? Mtu akikataliwa huenda mbali."

"Wewe ni mtu wa kukataa mtu? Wewe uliyembeba mdogo wako hadi bega likateremka? Nilijisemea, huyu akinikataa mimi kuna jambo. Labda anaumwa. Labda kuna mwanamume anampiga. Labda analala njaa na anaona haya nimwone. Kwa hiyo nikaja kutazama. Kila asubuhi unapoanika natazama kama mikono yote miwili inafika kwenye kamba."

Nililia pale kwenye ndoo, mwanamke mwenye mvi.

"Lia upande ule," mama akasema. "Gauni la mtu lisilowe."

Watu husifu wazazi waliowapa shule, au shamba, au jina. Mimi namsifu mama kwa hili: alipoambiwa mwanawe kamtupa, alimwogopea mwanawe.

Nilitaka kumpigia Meneja simu palepale nimpe vidonge vyake. Mama akanizuia. "Aje. Maneno ya simu yana mlango wa kutokea." Jumapili Meneja akaja mwenyewe na gari, baada ya mdogo kumwambia mama yuko wapi. Alikuja kumchukua. Aliinama mlangoni, akaangalia bati, akaangalia bomba la pamoja pale nje.

"Mama, hapa hapafai."

"Keti. Ulimuuliza dada yako?"

"Nimuulize nini?"

"Nilichokutuma."

Meneja alijiumauma. Akasema siku zile alikuwa na mambo mengi. Akasema alijua tu dada angeshindwa, kwa hiyo alimpunguzia aibu. Kisha, mama alipozidi kumtazama, ikatoka yenyewe: "Sasa watu wangesemaje, mama? Mama yake Meneja anakaa kwa dobi?"

"Wangesema anakaa kwa mwanawe," mama akajibu. "Na nguo zake ni safi."

Kinyozi, aliyekuwa akisikia kupitia ukuta, alikohoa kicheko. Meneja akaona haya mbele ya kinyozi. Mbele yangu hakuona. Alimwomba mama msamaha, akamshika mkono, na mama akampa mkono. Kisha akaniaga, "Haya dada, tutaonana," kama mtu aliyepita kuchukua shati, akaondoka.

Mama akasema atakaa. Njia ya mtaa huu ni tambarare, zahanati iko mwisho wake, na kinyozi ana redio yenye kelele ya kugombewa kila siku. Mchana ule ule alifungua boksi, akaniambia nishike upande mmoja, tukaiweka cherehani chini ya dirisha. Seremala wa mtaani akampigilia meza ukutani. Kwangu hahamii, ingawa nimemwomba uso kwa uso, makusudi, na yeye amekataa uso kwa uso, makusudi, tukacheka. Akija hubisha hodi. Nikienda kwake, nami hubisha. Jioni huniletea mashuka yaliyochanika, ameyatia viraka hata mwenye nyumba ya wageni haoni. Anatembea mwenyewe, anagombana mwenyewe, na akipata homa nasikia kikohozi chake kabla yeye hajakisikia.

Siku hizi Meneja huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyempangia mama chumba, karibu na dada ili asikose msaada. Na aseme. Mdogo wetu anaujua ukweli. Mama alimwambia, akaja akanikumbatia. Lakini mjomba na mashangazi, ambao Meneja aliwaambia kwamba nimemkataa mzazi wangu, bado wanaamini hivyo. Juzi mjomba alikuja kumtazama mama. Alipita mbele ya mlango wangu, akaniona nimesimama na beseni, akavuka upande wa pili.

Mama alitaka kumwambia mjomba yeye mwenyewe. Nimemkatalia. "Langu nimemsamehe," aliniambia kuhusu Meneja. "Lako si langu kulisamehe." Ni kweli. Alichopeleka Meneja kwa kinywa chake kwenye nyumba za watu, kinywa hicho hicho kikakirudishe, nyumba kwa nyumba, nami nikiwepo: kwamba alisema uongo, na kwamba aliyesingiziwa ni mimi. Hilo tu ndilo ninalodai. Anayedaiwa ni Meneja, na ningetaka alipe mama akiwa bado anasikia.